Mbwa Aliyesifiwa kwa Uvuvi, Kutoka Kalemie Mpaka Moba

Ndugu zangu wa Kalemie, tangu nirudi sipiti njia bila kusimamishwa. Kila mmoja anataka kujua ilikuwaje kule Moba, na kila mmoja tayari amesikia habari kwa Mjomba Lubinga, ambaye anaisimulia tofauti kila siku kufuatana na nani aliye mbele yake na nini kiko ndani ya kikombe. Nimechoka kusahihisha. Naandika mara moja, msomeane, halafu mniache nishone nyavu zangu.

Kabla ya kuondoka

Feza, binti wa Moba, nilimjua hapa hapa kwetu, pale meli inaposhusha watu, alipokuja kuuza samaki wa kukausha. Mambo ya kati yetu wawili hayawahusu. Mimi nilimtaka, yeye alinitaka, waliobaki walikuwa wazee. Desturi inataka mshenga, na kwa kuwa baba yangu alishafariki, kazi hiyo ilimwangukia Mjomba Lubinga, ndugu wa mama, mtu ambaye hajawahi kusema neno moja mahali ambapo maneno kumi yangeingia.

Kazi ya mshenga ni kusifu. Kila mtu anajua kwamba anaongeza chumvi, na kila mtu anapunguza kidogo anaposikiliza. Mjomba alikwenda Moba peke yake, akaketi mbele ya baba yake Feza na ndugu zake, akaanza. Kalunga hanywi. Kalunga hagombani. Kalunga haiachi misa hata akiwa na homa. Alipoona wazee bado wamekunja uso, na sifa zimemwishia, akasema, "Kalunga anajua ziwa mupaka hata mbwa yake inavuaka samaki."

Papa Feza, aliyekuwa ametazama chini muda wote, akainua kichwa. Akauliza mbwa anavuaje. Mjomba akamweleza, na ninaogopa alieleza vizuri: mbwa anakaa mbele ya mtumbwi, anasikia samaki wakipita chini, anageuza sikio upande walipo, mwenye mtumbwi anatupa ndoano pale pale. Papa Feza akasema, "Basi mulete hiyo mbwa. Nitaenda nayo ku ziwa mimi mwenyewe. Tukirudi, njo tutaongea habari ya binti."

Nilipoletewa jibu hilo nilikaa chini, kwenye mchanga, suruali na yote. Mbwa nilikuwa naye, ni kweli, na ni kweli alikuwa anapanda mtumbwi wangu kila nikienda kuvua. Ninyi mnamjua, yule mwekundu aliyekatika ncha ya sikio. Jina lake lilikuwa Komiseri, kama wale wakubwa wa serikali, kwa sababu anakaa mbele, hafanyi kazi yoyote, na anataka kula wa kwanza. Lakini kuvua? Huyu hata samaki hali. Alizaliwa karibu na maji, akakulia kati ya vichwa vya samaki, na ukimpa mikebuka anakuangalia kana kwamba umemtukana. Chakula chake ni bukari, ugali wetu wa muhogo, na akikosa bukari analala.

Nikamwambia Mjomba arudi akaseme alikosea. Akanitazama kwa huruma.

"Kalunga, wakijua ile ya mbwa ni uongo, hata ile ya misa watasema ni uongo."

"Ile ya misa ni uongo, Mujomba."

"Unaona basi."

Hapo nikaelewa kwamba nimefungwa. Neno moja la mshenga likirudishwa, yote yanarudi, na msichana anabaki kwao. Tukapanga kwenda kwa mtumbwi wangu, mbwa akiwa mbele ili aonekane vizuri tukifika. Mjomba akasema kwa utulivu kabisa kwamba safari ni ndefu, tutamfundisha njiani.

Kalemie hadi Tembwe

Moteri ninayo, lakini mafuta yake siku hizi tunayasikia redioni tu, kwa hiyo tulikwenda kwa makasia. Ilikuwa kiangazi, na upepo wa kusini ulitujia usoni kila siku jua lilipopanda, ukiturudisha nyumbani kidogo kidogo. Tulipiga makasia asubuhi mapema, mchana tukajificha nyuma ya mawe tukichoma mihogo. Safari ambayo meli inaimaliza upesi, sisi ilitula siku nyingi na ngozi ya viganja.

Masomo yalianza mara tu nyumba za mwisho za mji zilipopotea nyuma yetu. Mjomba alishika mikebuka mbichi, akamnusisha Komiseri. Komiseri akapiga chafya. Akamfunga samaki kwenye kamba, akamburuza majini kando ya mtumbwi, akisema kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, "Hii njo samaki. Inakaaka chini. Angalia chini." Komiseri akaangalia juu, walikokuwa ndege. Akampaka mafuta ya samaki puani, na Komiseri akajipangusa kwenye suruali yangu ya kuendea ukweni, niliyokuwa nimeikunja na kuitunza mbali na maji.

"Hasikii sababu haoni mufano," Mjomba akasema. Kisha akapiga magoti mbele ya mtumbwi, kando ya mbwa, akainamisha uso majini, akabweka.

Nawaapia alibweka. Alibweka kwa nguvu, akanyamaza, akageuza sikio, akabweka tena, na mimi nyuma na kasia langu sijui niangalie wapi. Komiseri alimsogelea, akamnusa shingoni, akarudi kulala. Wakati huo huo ukatokea nyuma yetu mtumbwi wa wavuvi Wabembe, wale wa kutoka kaskazini wanaofuata samaki ziwa zima. Walikuwa wengi na makasia mengi, wakatufikia kwa urahisi, wakaacha kupiga maji. Mmoja wao, mtu mzima, akasalimu kwa heshima.

"Jambo, Papa. Kuko nini kule chini?"

"Samaki," Mjomba akajibu, bado yuko magotini.

"Na zinakusikia?"

"Hapana. Niko nafundisha mbwa."

Wakatazamana. Wakatuaga vizuri sana, wakapiga makasia haraka kuliko mwanzo. Walikuwa wanaelekea kusini kama sisi, na habari yetu wakaenda nayo.

Tembwe, siku ya salongo

Tulifika Tembwe siku mbaya. Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja, na shefu wa pale haachi mtu: mgeni, mwenyeji, mwenye kukohoa, wote walikuwa wanafyeka njia ya kushukia pwani. Kabla mtumbwi wetu haujakauka walitutia mapanga mikononi.

Mimi jambo moja tu lilinisumbua, nalo ni jina la mbwa. Nilimvuta Mjomba pembeni, nikamwambia hapa tusilitamke hata kwa kunong'ona. Akaapa. Tukafyeka mpaka jua likawa kali, mbwa kalala kivulini. Kisha wamama wakaleta bukari na sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi, sombe laini, iliyotwangwa na mtu mwenye subira, na mpaka leo nikifunga macho naionja. Mjomba, mdomo umejaa, alisahau kiapo. Akapaza sauti, "Komiseri, kuja kula."

Watu wote wakasimama. Shefu, aliyekuwa amefungua koti lake la abakosti kwa joto, akalifunga mpaka kidevuni, akaanza kuuliza huku na huku, "Komiseri iko wapi? Amepita njia gani?" Mama mmoja aliyezoea mambo hayo akaanzisha wimbo wa kumpokea mkubwa, wengine wakaitikia, wakajipanga mistari miwili wakipiga makofi na kucheza kama inavyotakiwa. Na katikati ya mistari hiyo akapita mbwa wangu, mkia juu, bila haraka, akaenda moja kwa moja kwenye sahani.

Wimbo ulikufa kipande kwa kipande. Shefu akamtazama mbwa akila. Akamtazama Mjomba.

"Hii njo Komiseri?"

"Ni jina tu, Shefu," Mjomba akasema. "Tulimupata nalo."

Nilifikiri tutalala kizuizini. Lakini shefu alikuwa mtu wa busara, au aliona kwamba kupeleka kesi hiyo juu kungemlazimu aeleze kwa nini yeye mwenyewe alifunga vifungo kwa ajili ya mbwa. Akatoa hukumu papo hapo: tungefyeka njia yote mpaka majini, sisi wawili peke yetu, na mbwa asingeondoka Tembwe na jina hilo.

"Watu wote wa hii inchi walibadilisha majina," akasema. "Na yeye achukue ya asili."

Hapo sikuwa na la kubisha. Mimi mwenyewe nilibatizwa Gaspard, serikali ikakataza majina ya Kizungu, leo naitwa Kalunga, na sijafa. Mjomba alifikiri sana, akapendekeza Mbwa. Shefu akasema hakuna jina la asili kulishinda hilo. Tangu siku hiyo anaitwa Mbwa, na anaitika vizuri kuliko alivyokuwa anaitika kwanza.

Mpala

Kuzunguka rasi ya Tembwe kulitutoa roho. Mawimbi yalikuwa yanaingia ndani, mimi nakumba maji kwa sufuria, Mjomba anataja watakatifu wote tuliokatazwa kuitana majina yao, na Mbwa ameketi mbele ameloa, anaangalia tu. Tulipofika Mpala nilitaka kulala na kutoongea na mtu. Tukakuta pwani imejaa watu wanatungoja.

Wale Wabembe walikuwa wamefika kabla yetu, na habari ilikuwa imekua njiani. Hawakusema tena kwamba kuna mzee anabweka ziwani. Walisema kuna mzee anayeongea na mbwa kwa lugha ya mbwa, na mbwa huyo anaongea na samaki. Aliyetupokea ni Mama Mukalay, mchuuzi wa ndagala, mama mpana mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye ndiye mkubwa wa pwani ile ingawa hakuna aliyemchagua.

"Papa," akamwambia Mjomba, "siku mingi ndagala zinatukatalia huku. Hatukuombe kitu kingine. Mbwa ikanyage mitumbwi yetu, basi."

Nikafungua mdomo niseme kwamba mbwa huyu ni wa kawaida, hata kulinda nyumba hawezi. Mjomba akanikanyaga mguu.

"Itakanyaga," akasema. Na mimi akaniambia pembeni, "Mama mukubwa anakuomba kitu kidogo vile, utamunyima?"

Basi Mbwa akabebwa kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, pwani nzima. Katika kila mmoja alisimamishwa mbele, akaangalia ziwa kidogo, akatolewa. Katika mmoja alikojoa, na mwenye mtumbwi ule alifurahi kuliko wote. Jioni wavuvi wakawasha taa zao wakaenda. Mwezi haukuwepo siku zile, na ninyi mnajua ndagala wanavyokimbilia taa giza likiwa zito, hakuna haja ya mbwa. Asubuhi mitumbwi ikarudi imejaa mpaka ukingoni, na mchanga wa Mpala ukawa mweupe wote kwa ndagala walioanikwa.

Tulipewa kila kitu. Tulipewa kuku, tulipewa munkoyo wa baridi wa kunywa, tulipewa mkeka mpya wa kulalia. Mbwa aliletewa ndagala wa kwanza wa kila mtumbwi, akawanusa, akaondoka, na Mama Mukalay akawaeleza watu kwamba hiyo ni heshima, mbwa hawezi kula wale aliowaita mwenyewe. Kitu tusichopewa ni nafasi ya kuondoka. Kila nilipotafuta makasia niliyakuta yamefichwa, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa kunikaribisha kula. Nilikasirika kweli. Nilimfikiria Feza anangoja, na baba yake anaanza kusema kwamba hao watu wa Kalemie wameogopa, na mimi nimefungwa Mpala kwa ajili ya sifa za mbwa.

Aliyetuokoa ni upepo. Usiku wa pili ulivuma, mitumbwi ikarudi mapema, mitupu, mmoja bila taa yake. Kulipokucha makasia yetu yalikuwa ndani ya mtumbwi, mtumbwi umeshasukumwa majini, na Mama Mukalay mwenyewe ameshika kamba.

"Safari muzuri, Papa," akasema. "Musichelewe ku bukwe." Hatukupewa hata muhogo.

Kilichonitisha baadaye kilikuwa Mjomba. Tangu Mpala aliacha kabisa kumfundisha mbwa, na nilipomuuliza kwa nini, akasema haina haja. "Si uliona na macho yako zile ndagala?" Alikuwa ameanza kuamini. Ndani ya mtumbwi ule wenye kujua ukweli tulibaki wawili, mimi na Mbwa.

Moba, chakula cha wageni

Papa Feza alishuka mwenyewe mpaka majini kutupokea. Ni mzee mrefu, mkimya, macho yamekuwa mekundu kwa miaka ya jua la ziwa. Mke wake alifariki zamani, vijana wake wa kiume walikwenda Manono kuchimba madini na hawajarudi. Alinipa mkono. Kisha akachuchumaa akamsalimu Mbwa, akamshika kichwa, akamtazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Niliona kwamba anamtegemea.

Mambo ya nyumbani yalikuwa mikononi mwa dada yake, Mama Safi, shangazi yake Feza. Huyu ndiye aliyekuwa anasifu kwa upande wao. Tangu tulipokaa alisema jambo moja kwa njia nyingi: mtu akila bukari ya Feza, anasahau njia ya kwa mama yake. Leo, akasema, Feza amepika peke yake, hakuna aliyemgusia sufuria. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Chakula kililetwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Bukari ilikuwa imeiva nje tu, ndani kuna unga mkavu unaoingia puani, na kati ya nje na ndani kuna madonge. Sombe ilikuwa na mchanga. Samaki alitiwa chumvi, akasahauliwa, akatiwa tena. Ninyi mnajua desturi: mgeni wa posa anamaliza sahani, na anaimaliza kwa furaha. Mjomba akaweka tonge mdomoni, macho yakamtoka, akameza kwa kunyoosha shingo.

"Mama," akasema, "hii njo bukari."

Feza alikuwa amesimama mlangoni akiangalia paa. Mimi nilikula kwa mapenzi, na nilikula nyingi, ila donge moja lilinishinda. Nikalishusha polepole chini ya meza, nikijua kwamba Mbwa hajawahi kukataa bukari tangu azaliwe. Mbwa akalipokea. Akalishika mdomoni, akafikiri, akatoka nalo mpaka katikati ya uwanja, mbele ya majirani wote waliokuja kuona wakwe. Akachimba shimo, akaliweka, akalifukia kwa pua, akarudi akaketi.

Mama Safi akarudisha kitambaa juu ya sahani. Nikatazama pale uwanjani nikaona ndoa yangu imezikwa pamoja na donge. Nilitamani kumpiga mbwa, nilitamani kumpiga Mjomba, na zaidi nilitamani Feza ashushe macho kutoka paani aniangalie, lakini hakushusha. Papa Feza akanawa mikono.

"Kesho asubuhi, ku ziwa," akasema, akaingia ndani.

Ziwani

Tulipofika pwani asubuhi tulimkuta Feza yuko tayari ndani ya mtumbwi wa baba yake, anapanga ndoano kwenye mshipi. Mama Safi alikuwa amesimama majini mpaka magotini, kashika ukingo, anamwambia kwa sauti ya chini iliyosikika kwa wote kwamba msichana wa kuposwa hapandi mtumbwi mbele ya wakwe, watu watajua.

"Kama siendi, nani atavuta?" Feza akauliza.

"Mbwa," Mama Safi akasema.

Feza alicheka mpaka akainamia magoti, na Mama Safi mwenyewe akauachia ukingo. Tukapanda. Mbwa alitembea mpaka mbele, akajizungusha, akalala juu ya miguu ya Feza. Tulikwenda mbali, mpaka nyumba za Kirungu kule juu mlimani zikawa ndogo. Maji yalikuwa yametulia. Tukangoja ishara. Mbwa akakoroma.

"Anasikiliza," Mjomba akanong'ona.

Tukangoja tena. Jasho lilikuwa linanitoka na jua halijawa kali. Mara sikio la kulia la Mbwa likacheza. Mjomba akanishika mkono kwa nguvu, akasema, "Kuume, imeonyesha kuume." Papa Feza akatupa mshipi kuume, akauacha uzame, akavuta. Ndoano zilirudi tupu. Alikuwa nzi tu, mimi nilimwona, na nzi yule akahamia sikio la pili, nasi tukahamia kushoto.

Feza alivumilia mpaka hapo. Akasimama bila kuyumbisha mtumbwi, akatazama maji, akatazama ndege wadogo waliokuwa wanashuka mbali kidogo.

"Papa, huku hakuna. Tuende pale."

Baba yake akageuza mtumbwi bila swali, na niliona kwamba ni mazoea yao. Feza akashusha mshipi, akauchezesha kwa vidole, akaanza kuuvuta mkono kwa mkono. Mikebuka wakaja juu, karibu kila ndoano na wake, wakipiga mikia ndani ya mtumbwi, mpaka Mbwa akalazimika kuamka na kupanda magotini kwa Mjomba asiguswe na samaki. Mimi ni mvuvi tangu utoto na sijawahi kuona mkono kama ule. Nilimpenda upya pale pale, magamba usoni.

"Munaona," Mjomba akasema, amempakata mbwa. "Alimuonyesha."

Papa Feza akaweka kasia chini.

"Lubinga, mbwa yako haivui." Akamtazama Feza. "Na binti yangu hapiki."

"Papa," Feza akasema, lakini hakukataa.

"Hajapika tangu mama yake alikufa. Tunakulaka kwa Mama Safi. Yeye anaendaka na mimi ku ziwa. Vijana walienda, akabaki yeye." Alikuwa anaongea akiangalia maji. "Siku ulileta habari ya mbwa, wandugu yangu walicheka. Mimi nilifurahi. Nilisema, Feza akienda, kumbe kuko wa kukaa mbele."

Mjomba akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila kuutumia. Mimi nilishikwa na haya mpaka masikioni. Njia nzima nilimlaumu mzee yule moyoni, nikidhani anatutega ili atufukuze, kumbe alikuwa anaogopa kwenda ziwani peke yake. Akanigeukia.

"Sasa weye niambie kweli. Inafanyaka nini?"

"Hakuna kitu, Papa," nikasema. "Inakaa mbele. Ukiongea inakuangalia. Ukinyamaza inalala."

"Inajibu?"

"Hapana."

"Huyu anajibu sana," akasema, akimwonyesha Feza kwa kidevu. Akafikiri. "Na samaki haiibi?"

"Samaki haikule, Papa. Unaona vile inaziogopa."

Papa Feza akamtazama Mbwa, aliyekuwa bado amejikunja magotini kwa Mjomba, anamwangalia kila alipofungua mdomo. Akachukua kasia lake.

"Muniachie yeye," akasema. "Na ya binti tutaongea leo."

Kurudi

Yaliyofuata yana desturi yake na hayachekeshi, kwa hiyo nayaruka. Siku ya kuondoka nilimpeleka Mbwa pwani mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa. Nilifikiri atalia, atanifuata majini, nikatayarisha hata maneno ya kumtuliza. Papa Feza alikuwa anasukuma mtumbwi wake. Mbwa akaruka ndani, akaenda mbele, akaketi, uso ziwani. Nilimwita kwa jina la asili, kisha nikatazama kama hakuna shefu karibu nikamwita kwa lile la zamani. Hakugeuka. Wakaenda, na tulimsikia mzee yule mkimya anamweleza habari ndefu, sauti yake ikija juu ya maji hata baada ya wao kuwa mbali. Iliniuma, siwafichi. Iliniuma kuliko nilivyotazamia kwa mnyama ambaye hakunisaidia hata siku moja.

Upepo sasa ulikuwa mgongoni, tukatandika gunia kuwa tanga, tukapita Mpala mbali na pwani ili tusionekane. Mjomba aliketi pale mbele, na njia nzima alikuwa anatunga sifa mpya za kumpelekea mama yangu, jinsi Feza anavyopika. Nilimwomba anyamaze. Nilimwomba kwa jina la marehemu baba. Nasikia tayari amewaambia jirani zangu wawili kwamba bukari ya Moba inayeyuka mdomoni.

Feza atakuja mvua zikianza, tukishafunga ndoa kanisani kwao. Kupika nitapika mimi, ninajua, na mkialikwa mtakula vizuri bila kuuliza nani ameshika mwiko. Lakini kuna jambo moja ninalowaomba, na hasa ndilo lililonifanya niandike. Mnajua ninyi na wake zenu mtasema nini mwanamke akionekana ndani ya mtumbwi wa kuvua hapa Kalemie. Mkiona asubuhi mtumbwi wangu unatoka na yeye ameketi mbele, msipige miluzi, msimwite marehemu baba yangu huko aliko aje aone aibu. Nyamazeni, mchukue makasia, mtufuate, mtupe ndoano pale atakapotupa yeye. Huyu anavua kweli.